Ufunguo Haulali Nje ya Ubao

Kwanza niseme hivi ili tusipotezeane muda: darasa nililofika ni la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza kwa sababu mwalimu alihama. Anayetaka kucheka acheke sasa, halafu anyamaze. Kwa miaka ishirini na kitu, hapa karakana ya visima ya Tabora haukufunguliwa mlango bila mimi kujua nani kaufungua, kwa kazi gani, na ufunguo umerudi saa ngapi. Wahandisi walikuja na vyeti vyao, wakaondoka na vyeti vyao. Ubao wa funguo ulibaki ukutani, na mimi Maganga nikabaki mbele yake.

Nimestaafu mwezi uliopita kwa hiari yangu, nikiwa na nguvu zangu na meno yote kasoro mawili. Siku ya kuniaga mlinipa redio, shati la kitenge na hotuba ndefu kuliko shati. Bi Mwajuma, niliyemkabidhi ubao, akaniambia, "Mzee Maganga, tuandikie kidogo, na sisi tujue ulivyokuwa unafanya." Nilidhani ni adabu tu, nikaitikia kwa adabu. Lakini Jumatatu iliyopita nilipita hapo karakana kuchukua kofia yangu niliyoisahau, nikaona jambo ambalo lilinifanya ninunue daftari siku ile ile. Jambo lenyewe nitalisema mwishoni. Nasikia tangu Jumatatu hiyo karakana nzima haijanywa chai. Basi someni na kiu yenu. Kiu huzibua masikio.

Nilianza kazi miaka miwili kabla ya Uhuru, kibarua wa kufagia uwanja na kuosha mabomba yaliyotoka kuchimba. Bohari ilikuwa chini ya mzungu mmoja mrefu aliyetembea na ufunguo mmoja shingoni. Ufunguo ule ulifungua kila kitu: stoo ya vipuri, tangi la mafuta, chumba cha mashine ya umeme, hata kabati la sahani. Mafundi huuita ufunguo wa namna hiyo ufunguo malaya, mtanisamehe, jina sikulitunga mimi. Uhuru ulipokuja alifunga virago, akaacha karai limejaa funguo, hazina alama, hazina majina, zimechanganyika kama karanga na mchanga.

Bwana mkubwa mpya, Mwafrika wa kwanza kukalia kile kiti, alilileta karai uwanjani akauliza, "Nani anazijua funguo hizi?"

Makarani wakatazama viatu. Mimi nikasema, "Mimi."

Sikuujua hata mmoja. Nilidanganya, nakubali, lakini nilidanganya kwa nia ya kujifunza, na hiyo ni tofauti kubwa na uongo wa waliosoma.

Wiki mbili nilizunguka mlango kwa mlango na karai kichwani, najaribu ufunguo baada ya ufunguo. Siku ya kumi na mbili nikagundua kitu kibaya. Ule ufunguo malaya haukuwa mmoja. Mpishi wa zamani alikuwa na nakala nyumbani kwake Kitete. Dereva aliyeacha kazi akaenda kulima tumbaku Urambo alikuwa na nyingine, na mke wa mlinzi alikuwa na ya tatu, anafungulia chupa za soda. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alipewa siku moja kwa sababu nzuri, na hakuna aliyekumbuka kumwambia arudishe.

Nikaenda Gongoni kwa Fundi Sefu, mzee wa mjini hapa, baba yake na babu yake walikuwa wahunzi. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, kufuli limefunguliwa tumbo mbele yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umefungiwa nje au umefungiwa ndani?"

"Nataka kufuli zisizovunjika."

"Za kumzuia nani?"

"Mwizi, Fundi."

Akacheka mpaka akaweka tupa chini. "Mwizi ana nondo, mwanangu. Kufuli unamwekea rafiki yako. Rafiki haji na nondo, anakuja na salamu."

Sikumwelewa. Nilimwelewa miaka kumi na mbili baadaye, na ilinigharimu, mtaona. Lakini kila alasiri baada ya kazi nilikaa mkekani kwake, akanifundisha kulifungua kufuli, kuvipanga upya vile vyuma vya ndani, na kuchonga ufunguo mpya kwa tupa bila kipimo, kwa jicho na kidole gumba. Baada ya msimu mmoja wa masika hapakuwa na kufuli hata moja karakana lililokubali ufunguo wa zamani. Ule malaya niliupeleka kwa Fundi Sefu, tukauyeyusha mimi na yeye tunautazama. Kijana, ukikabidhiwa milango ya watu wengine, usianze kwa kuisifu rangi yake. Anza kwa kubadilisha kufuli. Ufunguo uliourithi si wako, ni wa wote walioushika kabla yako.

Ndipo nikatengeneza ubao. Mbao ya mninga, misumari arobaini, kila msumari na mlango wake. Wasomi walinishauri niweke daftari la kutia sahihi. Nikawaambia nusu ya mafundi wangu hawajui kuandika, na nusu nyingine wanaandika ili wasisomeke. Nilichukua shaba ya bomba zilizochakaa, Fundi Sefu akazikata vipande vya ukubwa wa sarafu, mimi nikagonga picha juu yake. Kila mtu na kipande chake. Dereva wa lori kubwa nilimpa jogoo kwa kuwa aliamka mapema. Mtunza stoo nilimpa kobe, na yeye akajua kwa nini. Changu nilichora mzigo umefungwa kamba, kwa heshima ya babu yangu.

Utaratibu ni huu mnaoujua, na mnaodhani ulishuka na mvua. Unataka ufunguo, unatundika kipande chako kwenye msumari wake. Ukirudisha ufunguo, unachukua kipande. Anayesimama mbele ya ubao, hata kama hajui A wala be, anaona kwa jicho moja nani yuko wapi. Na jioni, kabla lango halijafungwa, kila ufunguo uwe umerudi. Ufunguo haulali nje ya ubao. Hilo nililiandika kwa mkono wangu juu ya ubao, herufi zimepinda, na halijafutwa mpaka leo.

Kazi ngumu haikuwa shaba. Ilikuwa kuamua nani apewe nini. Kila mtu anataka afungue kila mlango, si kwa sababu ana kazi humo, ila anaona ni cheo. Dereva nilimpa ufunguo wa lori lake, si wa malori. Fundi wa mashine ya umeme aliingia kwenye mashine, hakuingia kwenye mafuta. Wa mafuta aliingia kwenye mafuta, hakuingia kwenye daftari la mafuta. Mtunza stoo, huyu huyu kobe, mtu mzima wa rika la baba yangu, alikuja kulalamika mbele ya watu.

"Maganga, mimi na mvi hizi unaninyima ufunguo wa tangi? Wewe nimekuona unafagia hapa!"

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Ufunguo?"

"Heshima yako nimekwisha kuitoa kwenye shikamoo, mzee. Sitoi heshima kwa ufunguo."

Miezi mitatu hakunisemesha. Nikanenepa.

Na mtu akihama au akiacha kazi, kipande chake kiliyeyushwa siku ile ile, mwenyewe akishuhudia. Wengine walilia. Niliwaambia wasilie, ni shaba, si jina lao. Wengine waliomba wabaki nacho kama ukumbusho. Nilikataa. Mtu akibaki na kipande cha kazi aliyoacha, siku moja mguu utamrudisha langoni, na mlinzi atakayemkuta hatakuwa na habari.

Sasa nifike kwenye kasha la fataki, maana ndilo lililonipima.

Enzi za kuhamia vijiji vya Ujamaa tulikuwa tunachimba kisima baada ya kisima: Nzega, Igunga, Bukene, kote watu wamekusanywa na maji hayajakusanywa. Nchi hii chini ni jiwe. Ukifika kwenye jiwe unalipasua kwa baruti, na baruti haiamki bila fataki, kile kidude cha shaba kama kalamu fupi kinachotiwa utambi. Fataki tulizifungia kwenye kasha la chuma lenye kufuli mbili, nami nikaamua funguo mbili zikae kwa watu wawili. Tena nikaamua watu hao wasiwe ndugu, wasiwe marafiki, wala mmoja asiwe na deni la shukrani kwa mwenzake. Nilitaka watu wawili ambao mmoja akikosea, mwenzake atafurahi kumtangaza.

Wa kwanza mimi. Wa pili fundi baruti, Kondo, Mzaramo, mtani wangu.

Kwa wageni niwaeleze. Babu zetu Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, na njiani wakachanganyika na watu wa huko, wakagombana, wakazikana, ukazaliwa utani. Mtani anakutukana usikasirike. Mtani akichukua kitu chako hukidai polisi, unakikomboa. Na kwenye msiba wako, mtani ndiye bwana.

Kondo alikuwa akifika asubuhi anaanza langoni: "Mpagazi! Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, akaiona bahari akauliza nani kamwaga maji haya yote!"

Nami: "Na wako alikuwa amelala chini ya mnazi, anangoja nazi imwamshe!"

Kipande chake nilimchorea nazi. Alikipenda, ingawa alisema inafanana na kichwa changu.

Humo ndani ya kasha palikuwa na bunda moja la hatari. Fataki hizo ziliingia maji masika moja, zikaota ukungu wa kijani. Fataki ya namna hiyo haina subira, inaweza kukulipukia mkononi kwa kuguswa tu. Tulikuwa tumeomba mtaalamu aje kuziteketeza, na mtaalamu alikuwa njiani, mnajua njia za wataalamu. Wakati tunamngoja nililifunga bunda lile kwa kamba, fundo la babu yangu. Alikuwa mnyampara wa msafara, na kila mzigo aliufunga kwa fundo lake peke yake, ukifunguliwa njiani huwezi kulirudia, anajua umeguswa. Mimi na Kondo tulijua fundo lile maana yake ni kifo. Mwingine yeyote angeona bunda limefungwa vizuri, akalichukua la kwanza.

Akaja meneja mpya. Jina lake nitaliacha. Alikuwa Msukuma, kijana msafi, amesoma ng'ambo, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kalamu. Wiki ya kwanza akasimama mbele ya ubao mikono kiunoni.

"Vipande vya shaba. Picha za kobe. Mzee Maganga, hii ni karakana au hekaya za watoto?"

"Ni karakana, Meneja. Ndiyo maana mpaka leo hatujapotelewa na hata nati."

"Nataka ufunguo mmoja wa milango yote, ukae ofisini kwangu. Kazi inachelewa. Fundi anaamka alfajiri, anawasubiri watu wawili kufungua kasha moja!"

"Nitachonga leo hii," nikasema. "Andika tu kwamba kinachotoka kwenye mlango wowote, na kidole kinachokatika kwa kilichotoka, ni juu yako. Utie sahihi, nitundike karatasi mahali pa ubao."

Akaniangalia. "Una darasa la ngapi wewe?"

"La pili. Ndiyo maana naomba kwa maandishi, nisije nikasahau."

Hakuandika. Lakini hakunisamehe. Alikuwa anangoja niteleze, na mimi, kwa majivuno yangu, nilikuwa nimekwisha kuteleza bila kujua.

Kosa langu hili hapa. Ufunguo haulali nje ya ubao: dereva hulala bila ufunguo, mtunza stoo hulala bila ufunguo, Kondo hulala bila ufunguo. Wangu mimi wa kasha niliuvaa kiunoni kwenye kamba, mchana na jioni, nyumbani na kazini. Nani angemuuliza Maganga? Sheria niliitunga mimi, nikajiona mimi ndiye sheria.

Mchana mmoja ikaja habari kwamba mama yangu amefariki, kijijini kwetu Puge. Niliondoka na lori la kwanza, ufunguo kiunoni. Sikuukumbuka kabisa. Kesho yake karakana wakanifuata na gari la mabomba kuja kunizikia mama, na Kondo mbele yao.

Tulipofika kaburini akaruka ndani, akajilaza chali. "Shimo zuri! Kumbe Wanyamwezi mnajua kuchimba mkikosa mhandisi! Sitoki hapa, shangazi yangu haingii mpaka mwanawe anilipe."

Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa. Nikainama kumvuta mkono. Akaniinukia, akapeleka mkono kiunoni kwangu, akaikata kamba kwa kisu kidogo cha utambi. Ufunguo akautia mfukoni.

"Rehani ya msiba! Utakombolewa kwa jogoo, awe mweupe, asiwe na doa hata moja, uniletee mwenyewe kwa mkono wako mbele ya watu. Pungufu ya hapo, nimeurithi!"

Nikacheka. Naandika kwa aibu: nilicheka. Tukamzika mama. Magari yakarudi Tabora, mimi nikabaki kumaliza matanga. Ni kesho yake, nimekaa kwenye jamvi na wanaume, ndipo nilipoweka mkono kiunoni, nikakuta pako wazi. Kondo alikuwa na funguo zote mbili, wake ubaoni, wangu mfukoni. Kasha la fataki, pamoja na bunda la kijani, lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Simaanishi sikumwamini. Ningemwamini na watoto wangu. Lakini sheria haikuuliza Maganga anamwamini nani. Nikamsikia Fundi Sefu, aliyekwisha kufa siku hizo, ananicheka na tupa yake: rafiki haji na nondo, anakuja na salamu. Huyu wangu alikuja na pole.

Yaliyotokea karakana nilisimuliwa na mlinzi Shabani, naye hajui kuongeza chumvi, nyumbani kwake penyewe haitoshi. Siku ile ile nimekaa jamvini, Bukene walikuwa wamegonga jiwe, na meneja amekwisha kuahidi kwamba mgeni mkubwa akifika atakuta maji yanatoka. Mgeni ni keshokutwa. Meneja akapata habari za makaburini, akamwita Kondo uwanjani, mhandisi mmoja mgeni, asiyelijua fundo langu, akiwa tayari juu ya gari.

"Kondo, nasikia funguo zote mbili za kasha unazo."

"Ninao mmoja, Meneja, na huo uko kwenye ubao. Wa pili ni wa msiba."

"Msiba gani? Nipe huo ufunguo. Huyu bwana atafungua mwenyewe, aende Bukene."

Hapo, Shabani anasema, Kondo hakuleta mzaha. Aliutoa mfukoni akauweka juu ya kiganja.

"Nimeutoa kwa mfiwa, juu ya kaburi, mama yake hajafukiwa. Haujakombolewa. Wewe ni wa huku, Meneja, unajua kuliko mimi wa pwani. Atakayeupokea kabla ya jogoo, msiba unahamia kwake. Mimi sikukatazi. Nyoosha mkono."

Meneja ana shahada. Ana mama yake Shinyanga pia. Shabani anaapa kwamba mkono ulinyooka nusu, ukasimama hewani, ukarudi mfukoni kutafuta leso.

"Ujinga mtupu," akasema, akapanda ofisini.

Gari la Bukene halikuondoka. Kondo akauweka ufunguo ule chini ya mkeka wake wa kuswalia, akaketi juu yake mpaka nilipofika siku ya tatu na jogoo mweupe kwapani. Alimkagua manyoya unyoya kwa unyoya, mbele ya karakana nzima.

"Huyu ana doa."

"Ni vumbi la Puge, mlevi wa madafu we!"

"Basi nimeridhika. Chukua dhahabu yako, mpagazi." Halafu akaninong'oneza sikioni, bila utani: "Usiuvae tena, Maganga. Nilipoikata ile kamba nilidhani nitakuta hirizi. Sikudhani ungekuwa mjinga hivyo."

Kisima kilipata fataki nzima, si zile za kijani, mikono miwili ikifungua kufuli mbili. Tulichelewa. Mgeni hakufika hata hivyo, gari lake lilizama kwenye tope kabla ya Nzega.

Lakini meneja alikuwa amepata alichongoja. Akaitisha mkutano wa wafanyakazi wote. Akasema, na alisema vizuri, "Ndugu zangu, mmeona wenyewe. Mtunza ubao ndiye aliyelala na ufunguo nje. Utaratibu huu umevunjwa na aliyeutunga. Nani bado anautaka? Kuanzia leo ufunguo mmoja, ofisini kwangu, basi."

Wengi walikuwa na sababu ya kufurahi. Niliwanyima funguo miaka mingi. Kobe alikuwa mstari wa mbele, ametabasamu. Nilijua nikijitetea nimekwisha. Nikasimama.

"Meneja amesema kweli. Tundu lilikuwa ni mimi. Nilimkagua kila mtu kiunoni isipokuwa Maganga. Lakini nyumba ikiwa na tundu, tunaziba tundu, hatung'oi paa. Utaratibu umeniumbua mimi, mwenye nao. Niambieni, ufunguo mmoja wa ofisini ukilala nje, nani atajua? Msumari gani utabaki mtupu?"

Nikakivua kipande changu cha mzigo, nikakiweka mezani kwake.

"Anayelala na ufunguo anakaa mwezi mzima bila kipande, anachimba kwa sururu. Niliwapa adhabu hiyo watu wanne waliomo humu. Leo ni watano. Na kuanzia leo mwenye ubao hana ufunguo hata mmoja wa kwake. Ubao autunze, kasha wafungue wengine."

Aliyenyanyuka wa kwanza kuniunga mkono alikuwa Kobe. Alisema, "Mimi simpendi Maganga, na sitampenda. Lakini mtu anayejinyima mwenyewe alichoninyima mimi, simpingi." Wakanyoosha mikono. Kondo alinyoosha yote miwili, akaambiwa utahesabiwa mmoja.

Meneja alihamishwa mwaka uliofuata, kwa cheo kikubwa zaidi, kama kawaida. Mimi nilichimba Bukene mwezi mzima, mikono ikatoka malengelenge, Kondo akipita juu ya shimo ananitupia maganda ya karanga. Shabani aliutunza ubao, na hakuukosea hata siku moja. Hilo ndilo jambo ninalojivunia kuliko yote, na mnajua najivunia mengi: ubao ulikwenda bila mimi.

Basi, Jumatatu.

Siku mliyoniaga niliomba kipande changu kiyeyushwe. Mkakataa. Mkasema, "Hapana, mzee, hiki ni historia," mkakitundika juu ya ubao kama picha ya marehemu. Nikanyamaza, nilikuwa nimeshiba wali. Jumatatu nikaja kuchukua kofia. Mlinzi akafungua lango kabla sijafika. "Shikamoo, mzee wetu! Pita, pita, hapa si kwako?" Hakuuliza ninakwenda wapi. Nawe Bi Mwajuma, form four nzima, mwenye mwandiko kama wa chapa, ukaniamkia kwa magoti, ukaondoka kuniletea kiti, ukauacha ubao peke yake. Kijana wa stoo akaniuliza, "Unataka ufunguo gani, mzee, nikutolee?"

Hakusema kipande. Hakuna aliyesema kipande.

Fataki sikuzigusa, mimi si mwendawazimu, ingawa msumari wake ulikuwa umbali wa mkono. Nilimngoja kijana ageuke, nikachukua ufunguo wa kabati la chai na sukari. Nikausimamisha kidoleni nikivuka uwanja, polepole, nikitembea kama bibi harusi, ili mtu yeyote aniulize. Mlinzi akanipigia saluti.

Uko hapa, mezani kwangu, kando ya redio yenu. Na ninyi siku zote hizi mnaulizana nani amechukua ufunguo wa chai, maana msumarini hapana kipande. Sasa mnajua. Kondo amestaafu, amerudi kwao Kisarawe, lakini alinifundisha kazi hii, na nadhani mtu wa Puge anaruhusiwa kuazima utani mara moja.

Bi Mwajuma, mwanangu, nimekukabidhi ubao kwa sababu una akili kuliko mimi, na hilo sijawahi kumwambia mtu mwingine. Njoo na jogoo, awe mweupe, asiwe na doa. Njoo na kile kipande changu cha mzigo, twende nacho Gongoni kwa mtoto wa Fundi Sefu, kiyeyuke wote tukitazama. Halafu uchukue ufunguo wako, watu wanywe chai.

Na siku nyingine nikija hapo langoni, nitakuja, maana kofia yenyewe niliisahau tena, nipeni shikamoo yangu kamili. Lango liacheni limefungwa.